Chupa ya Beberu

Nimefika Bahla saa mbili za usiku
na Bi Shinuna, kabla hajaitikia salamu:
"Nani kaniingizia beberu ndani?"

Hakuna beberu, bibi. Ni mimi.
Ni tone moja, dogo kuliko chozi la mtoto anayejiliza,
lilipenya kwenye pindo la glavu
likakaa mkononi mwa abaya.
Nimenawa mara tatu. Harufu haibishi hodi.

"Huko kazini mnachinja?"

Tunapima.

Akanitazama vile anavyomtazama muuza samaki.
Basi nikamtegea, kama alivyonitegea yeye
zama nina meno ya maziwa.
Kitendawili.
"Tega."
Nyumba yangu vyumba vinane kwa mstari,
cha kwanza kikali, hakiguswi kwa mkono mtupu,
cha nne kimetoa kibaraza ubavuni,
na kwa kibaraza hicho mtaa mzima wanaijua.

Kahawa ikapoa kiganjani mwake.
Nipe mji, bibi.
Akanipa Nizwa.
Nilikwenda Nizwa, siku ya Ijumaa, soko la mbuzi,
nikapewa halwa, nikapewa kahawa,
watu wanafunua midomo ya wanyama kusoma meno,
na jibu likanipita likivutwa kwa kamba,
lina ndevu, lina kiburi.

Ndiyo hii, bibi. Asidi ya mafuta yenye tawi.

Ndugu zake walionyooka
hulala ubavu kwa ubavu kama njiti za kibiriti;
baridi kidogo tu, wameganda.
Huyu ana kiwiko.
Kiwiko hakimpi jirani nafasi ya kusogea,
kwa hiyo hata kwenye friji yetu
anabaki majimaji, mwangavu, kama maji yaliyosema uongo.
Maji yenyewe hayamtaki. Huelea juu yake
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

"Analiwa?"
Kwenye nyama ya kondoo unamla kila Idi,
chembe usiyoiona, pua ndiyo inayoihesabu.
Lakini huyu wa chupani, mtupu, hajachanganywa,
anaunguza ngozi; jicho ndiyo usiseme.
Dilmurad alivua miwani ajikune nyusi
akakaa robo saa nzima chini ya bomba
akinitukana kwa Kibaluchi,
mimi nimemshikilia kichwa.

Sasa sikiliza hili.
Mitendeni kuna mdudu mwenye pembe,
mweusi kama tende ya mwaka juzi.
Dume likipata shina tamu
hutoa harufu hii hii, kuwaita wenzake: njooni, pana kula.
Nani alimfundisha?
Mbuzi na mdudu hawajapata hata kusalimiana.

Nasi tunaiba wito wake.
Tunautia kwenye kifuko, kifuko ndani ya ndoo,
ndoo juu ya mti, kando ya falaji.
Usiku wa kwanza: wanne.
Usiku wa pili: mmoja, na mjusi.
Ndoo isiyotiwa kitu: tupu, tupu.
Mkuu wangu anataka niandike "inafaa."
Naandika wanne. Naandika mmoja.
Mjusi nimemwandika pembeni.

Bibi hakusema neno.
Akanivua abaya kama anamvua mtoto,
akatoka nayo uani, gizani,
hadi kwenye khalasi yake iliyoanza kuinama,
ile aliyoipanda babu mwaka waliorudi kutoka Unguja
hajui bado Kiarabu cha kununulia mche.
Shina lake lina matundu; nimekwisha kuyaona
na sikumwambia.
Akaitundika kwenye kigogo cha kuti.
"Tuone."

Alfajiri nikatoka na tochi.
Mdudu hakuna, hata mguu wake.
Yupo mbuzi jike wa jirani, kamba imekatika shingoni,
amesimama chini ya mkono wa abaya,
anatazama juu kwa subira
kama mtu aliyeahidiwa.

Nyuma yangu, bibi na mswaki mdomoni:
"Haya. Andika na huyo."